Nusu kwa nusu dirishani: namna ya kusoma takwimu za benki kuhusu wafanyakazi wake

Kila ifikapo tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, kurasa za benki mitandaoni hujaa picha za wafanyakazi waliovaa vitenge vya sare, na chini ya picha kuna takwimu: asilimia kadhaa ya wafanyakazi wetu ni wanawake. Anayesoma anaweza kupongeza. Mwingine atauliza mbona kwenye picha ya wakurugenzi wanawake ni wawili tu. Wa tatu atasema mambo haya ya anuwai yametoka Ulaya na Marekani, na hata Marekani kwenyewe wameshayafuta. Ubishi hauishi, kwa sababu watu hawa watatu wanazungumzia vitu vitatu tofauti.

Tuanze na huyo wa tatu, maana jibu lake ni fupi. Januari 2025 Rais Trump alitia saini amri za kuondoa programu za anuwai katika serikali ya Marekani na kubana makampuni yanayofanya nayo kazi. Mwezi uliofuata benki ya Marekani ya Citigroup ilifuta malengo yake ya uwakilishi na kubadilisha jina la idara iliyoshughulikia mambo hayo, na benki nyingine ya huko, Goldman Sachs, ikaacha sharti lake la anuwai kwenye bodi za kampuni inazozisaidia kuingia soko la hisa. Yote hayo yalikuwa malengo ambayo benki zenyewe zilijiwekea kwa hiari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 haikuguswa. Kifungu chake cha 7 kinakataza ubaguzi kazini kwa misingi ambayo imetajwa mmoja mmoja: rangi, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, jinsi, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mingineyo. Kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Benki yenye makao makuu New York au London ikifungua tawi Dar es Salaam, inaajiri chini ya sheria hiyo.

Sasa maneno yenyewe. Anuwai ni swali la nani yumo: wanawake na wanaume, vijana na watu wazima, wenye ulemavu na wasio nao, wa bara na wa pwani. Ujumuishi ni swali la aliyemo anapata nini: anasikilizwa, anapelekwa mafunzo, anapanda? Ubaguzi ni mtu kunyimwa kitu kwa sababu isiyohusiana na kazi. Utamaduni wa kazi ni mgumu zaidi kuukamata, kwa kuwa haumo kwenye mkataba. Ni yale ambayo mgeni hufundishwa na wenzake wiki ya kwanza: usiondoke kabla ya meneja, shoti (upungufu wa fedha jioni) usiiandike kabla hujatafuta, likizo ya Desemba usiombe.

Fikiria daladala ya kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Konda anahesabu vichwa, na kwa hesabu yake aliyekaa kiti cha dirishani tangu kituo cha kwanza na anayening'inia mlangoni ni sawasawa, kichwa na kichwa. Takwimu nyingi za tarehe 8 Machi ni hesabu ya konda.

Hesabu kwa ngazi

Chukua benki ya kubuni yenye wafanyakazi 1,000, wanawake 500. Nusu kwa nusu, safi kabisa. Ipasue kwa ngazi. Dirishani na huduma kwa wateja wako watu 600, wanawake 360. Maofisa ni 300, wanawake 120. Mameneja ni 85, wanawake 18. Wakuu wa idara na wakurugenzi ni 15, wanawake 2. Asilimia inashuka kutoka 60 hadi 40, kisha 21, kisha 13. Jumla bado ni 500 na tangazo bado ni la kweli. Mwanamke mmoja juu kabisa naye habadilishi hesabu ya katikati. Ruth Zaipuna alipoteuliwa kuongoza benki ya NMB mwaka 2020 ilikuwa habari kubwa nchini, na ilistahili, lakini ukitaka kuijua benki yoyote angalia pale hesabu inapokatika ghafla. Kwa mfano wetu ni kati ya ofisa na meneja.

Kuna swali jingine ambalo takwimu huliruka: nani hakuhesabiwa? Vijana wanaofungua akaunti chini ya mwavuli sokoni, walinzi, wahudumu wa usafi, mara nyingi hata baadhi ya wanaopokea simu, wameajiriwa na wakala. Wanavaa fulana ya benki lakini kitambulisho chao kina rangi nyingine, bima yao ni nyingine au haipo, na mkopo wa mfanyakazi hawaugusi. Ripoti ikisema «wafanyakazi wetu», uliza kama hao wamo.

Pale panapokatika

Sababu ya kukatika ni nadra kuwa mtu mmoja mwenye chuki. Kwa kawaida ni taratibu tatu nne zinazoonekana za haki kwa wote.

Ya kwanza ni uhamisho. Umeneja wa tawi hupatikana kwa kuzunguka mikoani, na desturi hiyo ni ya zamani. Benki zilipotaifishwa Februari 1967 na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) kuundwa, nchi ilikuwa na benki moja kubwa ya biashara yenye matawi kila pembe, na karani wa Tanga kujikuta Bukoba lilikuwa jambo la kazi. Leo barua ikimpa mtu wiki mbili aripoti Sumbawanga, asiye na mtoto wa kuhamisha shule wala mzazi wa kuuguza atakwenda. Mwingine atakataa mara mbili, na faili lake litaandikwa «hayuko tayari kwa majukumu». Dawa yake haina gharama kubwa: taarifa ya miezi mitatu, uhamisho uende na mihula ya shule, na miaka ya kukaa mkoani itajwe kwenye barua yenyewe.

Ya pili ni tathmini ya mwaka, na hapa tukae kidogo kwa sababu madhara yake yanaonekana kwa kalamu na karatasi. Ofisa mikopo amepewa lengo la kukopesha shilingi bilioni 1.2 kwa mwaka. Anajifungua. Sheria inampa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12, kwa hiyo mwaka wake wa kazi, tukiacha likizo nyingine, una wiki 40 badala ya 52. Lengo la haki ni bilioni 1.2 mara 40 gawanya kwa 52, yaani shilingi milioni 923. Amekopesha milioni 950. Kwa lengo lililopunguzwa amefikia karibu asilimia 103 na anastahili bonasi. Kwa lengo ambalo halikuguswa amefikia asilimia 79, na katika benki nyingi hiyo ni alama ya kuitwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji. Mfumo wa kompyuta haujui kwamba alikuwa wodini. Unajua bilioni 1.2 tu, mpaka mtu wa rasilimali watu aingie kubadilisha.

Halafu kuna wateja wake. Wakati hayupo, wakopaji 200 au 300 wamegawiwa wenzake, ambao nao wana wa kwao wa kufuatilia. Wanaochelewesha marejesho hawatembelewi. Anaporudi anakabidhiwa kitabu chenye mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, iliyoharibika mikononi mwa wengine lakini yenye jina lake. Kinachotakiwa ni makabidhiano ya maandishi ya pande mbili: siku anapoondoka ipigwe chapa orodha ya mikopo na hali ya kila mmoja, siku anaporudi ipigwe nyingine, na tofauti isiwe mzigo wake. Benki zinazofanya hivyo zipo. Inachukua nusu saa. Akisharudi, sheria inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na inafaa ziandikwe kwenye ratiba ya tawi, vinginevyo kila siku ataonekana anaomba ruhusa. Baba ana angalau siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya mama ana miezi 3 na baba wiki 2.

Ya tatu ni lugha. Dirishani na sokoni kazi inafanyika kwa Kiswahili, lakini kupanda cheo hufanyika kwa Kiingereza, mbele ya slaidi. Ofisa anayewajua wafanyabiashara wa Kariakoo kwa majina ya maduka yao, na mikopo yake inalipwa, anaweza kushindwa na aliyesoma shule za kimataifa ambaye hajawahi kukusanya rejesho hata moja. Hili halimo kwenye orodha yoyote ya anuwai niliyopata kuisoma, na nadhani ndilo linalochuja watu wengi kuliko mengine yote. Changanya na vimemo na koneksheni, ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayeziandika, upate picha ya nani anakaimu nafasi ikiwa wazi. Anayekaimu miezi sita ndiye atakayeonekana ana uzoefu siku ya usaili. Kwa hiyo ukitaka kujua ajira ya ndani inaendaje, angalia orodha ya waliokaimu kabla ya kuangalia matangazo.

Shoti

Kama ningeruhusiwa kuangalia jambo moja tu ili kuujua utamaduni wa tawi, ningeangalia shoti inavyoshughulikiwa. Jioni tela, yaani karani wa dirishani, anahesabu fedha zilizo mkononi na kulinganisha na mfumo. Zikipungua, ni shoti. Vyanzo vyake vinajulikana: sifuri imeongezwa au imesahaulika wakati wa kuingiza muamala, bunda lililopokelewa kama noti 100 lina 98, noti mbili mpya zimeshikana. Nyingi hupatikana siku hiyohiyo, mradi zitajwe mapema: miamala inapitiwa, kamera inarudishwa nyuma, mteja anapigiwa simu kabla hajaitumia hela.

Katika tawi ambalo shoti ni fedheha, tela haitaji. Anaomba kwa mwenzake alfu hamsini afunge hesabu, akitumaini kesho ataipata. Hapo kosa la kuhesabu limegeuka kosa la uaminifu, na wawili wanafukuzwa badala ya mmoja kuandika maelezo. Anayeogopa zaidi ni mgeni, aliye kwenye kipindi cha majaribio, asiye na mtu wa kumtetea juu. Ndiyo maana jambo linaloonekana la fedha tupu ni la ujumuishi pia: nani anaweza kusema «nimekosea» na akabaki kazini.

Imani iliyoenea kwamba benki inaweza kukata mshahara wote kufidia shoti si sahihi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza kwa utaratibu wa haki, makato yasizidi hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake.

Asilimia 3 na ngazi tatu

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Kwa benki ya watu 1,000 ni watu 30. Kenya kiwango ni asilimia 5. Tatizo kubwa liko baada ya kuajiri. Tawi lina ngazi tatu mlangoni, kila moja sentimita 15, jumla 45. Kipimo cha kawaida cha njia mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kwa hiyo inahitajika njia ya mita 5.4. Inajengwa ya mita 2 kwa sababu ndiyo inayoenea mbele ya mashine ya ATM, na tangu siku hiyo mlinzi anaongezewa kazi ya kusukuma kiti.

Ndani, dirisha la tela limejengwa kwa mteja aliyesimama, mita moja na zaidi kutoka chini, wakati mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji meza ya sentimita 75 hivi. Asiyeona anaweza kufanya kazi nyingi za benki kwa programu ya kusoma skrini, ila ijaribiwe kwenye mfumo wa benki kabla hajaripoti. Mifumo mingine ina vitufe visivyo na majina, na programu inamsomea «kitufe, kitufe, kitufe». Mwenye ualbino anahitaji maandishi makubwa, skrini isiyoelekea dirisha la jua, na asipangiwe kampeni ya siku nzima juani. Hakuna hapo kinachoshinda bei ya bango moja la barabarani.

Dini ipite haraka, maana matawi mengi yameshaizoea: hijabu ya kitambaa cha sare, zamu za Ijumaa mchana, Msabato kubadilishana Jumamosi na mwenzake. Penye mwiba ni Ramadhani, kwa kuwa kufunga hesabu huangukia saa kumi na mbili jioni, na kikao cha meneja cha «dakika tano» kinakula futari ya watu.

Mteja mwenye amana

Unyanyasaji wa kijinsia benki una sura ambayo ofisi nyingine nyingi hazina. Ofisa mahusiano ana lengo la kuleta amana. Mteja ana milioni 800 anazoweza kuzihamisha kesho, na anataka mazungumzo yafanyike hotelini, jioni, na yule ofisa binti, siyo mwingine. Meneja hasemi chochote kibaya. Anasema tu, «Yule mteja usimpoteze.» Maneno matatu.

Wengi hudhani sera ya benki inahusu bosi na mfanyakazi pekee. Sera nzuri inamtaja mteja waziwazi, na inasema nini kitafuata: wateja wakubwa wanatembelewa na watu wawili, ofisa anaweza kuomba kubadilishiwa mteja bila kueleza sababu kwa meneja wake, na amana ikiondoka kwa sababu hiyo lengo lake linapunguzwa. Hilo la mwisho lisipokuwepo, mengine hayana nguvu. Kenya sheria inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na sera ya maandishi. Tanzania kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinahesabu unyanyasaji unaotokana na misingi iliyotajwa kuwa ni aina ya ubaguzi.

Kulalamika, na makosa yanayowaangusha watu

«Ubaguzi huwezi kuuthibitisha» ni kauli inayorudiwa mno, na imewanyamazisha wengi bure. Mfanyakazi anatakiwa kuonyesha dalili za awali zenye mashiko: tathmini zake tatu, za wenzake waliopandishwa kama anazifahamu, barua, tarehe. Akishaonyesha, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi unahamia kwa mwajiri. Ndivyo ilivyo Tanzania, na Kenya pia.

Utaratibu wa Tanzania unaanzia ndani: malalamiko ya maandishi kwa meneja au rasilimali watu, nakala ubaki nayo, na chama cha wafanyakazi kama TUICO au FIBUCA kikiwa na tawi kazini. Lisipoisha, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Fomu Na. 1, ambayo nakala yake mwajiri lazima akabidhiwe na ushahidi wa makabidhiano uambatishwe. Usuluhishi una siku 30, kisha uamuzi.

Watu huanguka kwenye muda. Kuachishwa kazi ni siku 30, tangu kuachishwa au tangu uamuzi wa mwisho wa rufaa ya ndani. Migogoro mingine ni siku 60. Kenya madai ya ajira yana miaka 3, na Mtanzania anayesoma ushauri wa Nairobi mtandaoni hujikuta amechelewa, anaanza kuomba kuongezewa muda kabla hata hajasikilizwa. Kosa la pili ni ushahidi. Mtu aliyekasirika anajitumia kwenye barua pepe yake binafsi orodha ya wateja ili aonyeshe aliwaleta yeye. Siri za wateja zinalindwa na sheria, na barua pepe hiyo inatosha kumfukuzisha kazi kihalali hata kama madai yake ya ubaguzi yalikuwa ya kweli. Chukua yaliyo yako: tathmini, barua, ratiba. Majina na akaunti za wateja ziache mezani.

Kuhusu dodoso la kila mwaka la «sauti ya mfanyakazi», lisilo na jina: hesabu kabla hujajibu. Likiuliza tawi, jinsi na umri, na tawi lina watu 9, wanawake 3, mmoja tu amepita miaka 45, basi lina jina. Matokeo ya kundi dogo yanapaswa kuunganishwa na ya matawi mengine kabla meneja hajayaona, na mfanyakazi ana haki ya kuuliza kama ndivyo inavyofanyika.

Wenye sauti ndogo zaidi, ajabu, mara nyingi ni waliokaa muda mrefu. Mkopo wa nyumba wa mfanyakazi una riba ya chini kuliko ya mteja, na ukiondoka kwa kawaida hupanda kuwa ya kibiashara, au salio hukatwa kwenye mafao. Mwenye miaka 12 iliyobaki kulipa hapigi kelele. Hata siku akipata kazi kwingine, mahojiano ya kuondoka hufanyika kabla barua ya kusafishwa madeni haijasainiwa, kwenye ofisi ya mtu anayetakiwa kuisaini. Ukifungua mafaili hayo, kwenye kisanduku cha sababu ya kuacha kazi utakuta maneno mawili yakijirudia fomu hadi fomu: sababu binafsi.